Jembe si adhabu

Mwezi wa Saba umekwisha ingia. Shule zimefungwa, na vijana wetu wa sekondari wana miezi miwili ya vakanse mbele yao. Juma la kwanza nyumba nzima hufurahi. Juma la tatu mama huanza kunung'unika: kijana aamka jua likiwa limepanda, ashinda barazani na simu mkononi, na jioni hajulikani alipo. Tumewasikia wazazi wengi hapa Lubumbashi wakiuliza: Tuwape kazi gani?

Zipo kazi mbili ambazo twaona zawafaa sana: bustani ya mboga inayolimwa na vijana kwa pamoja, na kulirudisha pori pale lilipokatwa. Lakini tukiwaambia, wengi watakataa. Tusikasirike upesi, kwanza tujiulize ni nani aliyewafundisha kukataa.

Sisi wenyewe tulipokuwa shuleni, aliyechelewa alipewa jembe, na aliyepiga kelele darasani alitumwa kufyeka majani. Mwenye akili alibaki na kitabu. Tukirudi nyumbani tulisikia maneno yale yale: "Usiposoma, utalima!" Leo twawaambia watoto wetu hivyo hivyo, kisha twashangaa wakiliona jembe kuwa ni aibu. Mbegu hiyo tuliipanda sisi. Yatupasa sisi kuing'oa.

Tuanze na bustani. Yafaa vijana wapewe kazi ambayo mwisho wake watauona kwa macho yao kabla ya shule kufunguliwa. Kabeji hukaa muda wa miezi mitatu hivi shambani. Huyo aliyeipanda atakuwa amerudi darasani. Lakini lenga-lenga ikipandwa sasa, hata kwa baridi hii ya kiangazi, huweza kuchumwa baada ya majuma matano au sita. Mbegu zake ni ndogo mno. Wazichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke zote mahali pamoja. Tuta la urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 latosha kwa kundi la vijana watano. Katika siku za jua litadai maji lita 50 hivi kila siku, maana yake ndoo tano za lita 10. Mtu mmoja atachoka; watano hawatachoka.

Hapa twasema neno juu ya mabinti. Si haki vijana wa kiume washike kamba ya kupimia na kutoa amri, na wasichana wabebe maji. Binti zetu hubeba maji nyumbani kila siku. Katika bustani ya pamoja, ndoo na izunguke kwa zamu, na mwenye kuandika hesabu vilevile abadilishwe kwa zamu.

Tena, si kila udongo wa mji huu wafaa kwa mboga. Tangu mwaka 1911 moshi wa kuyeyusha shaba ulianza kupanda hapa, na pepo zivumazo kutoka kusini-mashariki ziliusukuma upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Shaba, risasi na sumu nyingine zimebaki katika udongo. Mboga za majani zaweza kuzinyonya, na kuosha majani huondoa vumbi la juu tu. Kilichokwisha kuingia ndani hakitoki. Basi, mahali palipo uchi, pasipoota ila majani machache ya namna moja, wala kando ya mto upokeao maji ya viwanda, msiwaruhusu watoto kulima chakula. Udongo usiojulikana na uulizwe kwanza kwa wataalamu wa kilimo.

Sasa tuje kwenye pori. Wengi wakisikia habari ya kurudisha msitu hufikiri papo hapo juu ya kupanda miche. Lakini mwezi wa Saba si wakati wa kupanda mti katika Katanga. Mvua ingali mbali, na mche uliopandwa leo utakauka mikononi mwetu. Je, vijana wangoje? Hapana. Pori letu la miombo lina siri yake: mti ukikatwa, mara nyingi kisiki hakifi. Mizizi ingali hai chini, nayo hutoa machipukizi mwaka kwa mwaka. Kinachoyaua ni panga, na zaidi ya panga ni moto.

Jambo hili lilipimwa kwa uangalifu kule Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo leo Zambia. Mwaka 1933 Trapnell alianza kutenga vipande vya pori: vingine vilichomwa mapema kila mwaka, majani yakiwa bado na maji, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, vingine vililindwa visiguswe na moto wowote. Alitoa habari zake mwaka 1959. Pale palipochomwa kwa kuchelewa, miti iliangamia na nyasi zikatawala. Pale palipolindwa, pori lilizidi kusongamana. Mvua ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa moto.

Na kule Niger, nchi yenye mvua kidogo kuliko yetu, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alipanda miche kwa miaka kadhaa, na mingi ikafa. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka vidogo alivyovipita njiani kila siku vilikuwa visiki vya miti vinavyochipuka. Wakulima wakaanza kuyachagua machipukizi na kuyatunza. Leo husemwa kwamba miti imerudi kwa njia hiyo juu ya hektari milioni 5 na zaidi za nchi ile.

Basi, vijana wa vakanse waweza kufanya nini? Wazee na watafute kipande cha ardhi, hata kidogo, katika kiwanja cha shule au kijijini, kwa ruhusa iliyo wazi ya mwenye ardhi au chifu. Pasipo ruhusa hiyo, miti itakua miaka mitatu, kisha mwingine ataigeuza makala. Tusimtukane mchoma makala, maana naye alisha watoto, nasi twapikia makala yake. Yafaa aitwe tangu mwanzo, akubali mpaka.

Kisha vijana wahesabu visiki vyote vilivyo hai. Katika kila kisiki wachague machipukizi mawili au matatu yaliyo manene na kunyooka, na mengine wayakate kwa panga kali. Wafyeke ukanda kuzunguka kipande chote, upana wa hatua tano au sita, hata udongo uonekane, ili moto wa mwezi wa Nane na wa Tisa usipate njia. Wala wasiwashe moto wao wenyewe, wala wasiende kuupiga moto wa pori bila watu wazima.

Na wamchukue mzee mmoja pamoja nao. Atawaonyesha mupundu, musuku, mubanga, mulombwa. Atawaambia pia kwamba uyoga mwingi tuulao wakati wa mvua huishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo. Miti ikiondoka, bowa haitaonekana sokoni. Kijana aliyesoma elimu ya viumbe kitabuni atayasikia hayo kwa masikio mapya. Na aandike: jina la mti, kimo chake, tarehe. Mwaka ujao atapima tena.

Mwishoni mwa mwezi wa Nane, lenga-lenga na igawanywe mbele ya wote: sehemu ipikwe nyumbani kwa kila kijana, sehemu iuzwe kwa kununua madaftari. Kabla hawajarudi darasani, waandikwe majina ya watakaokagua ukanda wa moto kila Jumamosi mpaka mvua zianze. Bila majina hayo, kazi ya miezi miwili yaweza kuteketea mchana mmoja.

Wazazi wapenzi, hatudai kila kijana awe mkulima. Mmoja atakuwa daktari, mwingine fundi, mwingine mwalimu. Wote watakula mboga, wote watahitaji kivuli. Jumamosi hii, kabla hatujamwamsha kijana wetu, tulishike sisi jembe kwanza, atukute kazini. Tena, tangu leo, neno lile "Usiposoma, utalima" lisisikike nyumbani mwetu.