Yusufu ni mtoto wa nani? Acheni kuwadanganya wanafunzi

Haya jamani, nimekuwa kimya humu wiki mbili tatu. Niko Bagara, Babati mjini, kwenye mazoezi ya kufundisha, na anayejua maandalio ya somo yanavyokula usiku wa mtu hatanilaumu. Leo sileti habari za bwenini wala za mkopo. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na Wakristo wenzangu.

Chanzo ni hiki. Katika kipindi cha dini mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza: Mathayo anasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka anasema ni Eli, sasa mkweli nani? Aliyekuwa anafundisha (simtaji, na shule siitaji) akamwambia hayo ni maswali ya watu wa mihadhara, kaa chini. Yule kijana akakaa. Darasa zima likaelewa somo la siku ile: ukiona kitu kwenye Biblia, jifanye hujaona.

Hivi kweli ndugu zangu, tunajenga nini hapo?

Tuanze na ukweli wenyewe. Fungua Mathayo sura ya 1 na Luka sura ya 3, ziweke pamoja. Mathayo anaanza na Abrahamu anashuka mpaka Yesu. Luka anaanza na Yesu anapanda mpaka Adamu. Hilo si tatizo. Tatizo linaanza kwa Daudi. Mathayo anapita kwa Sulemani, Luka anapita kwa Nathani, mtoto mwingine wa Daudi. Kuanzia hapo wanaachana, wanakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli, halafu wanaachana tena mpaka kwa Yusufu. Na hata pale wanapokutana, Mathayo anasema baba yake Shealtieli ni Yekonia, Luka anasema ni Neri. Idadi nayo haifanani: toka Daudi mpaka Yusufu Mathayo ana vizazi kama 27, Luka anazidi 40.

Tena Mathayo peke yake ana mambo. Anasema vizazi viko kumi na nne mara tatu. Ukimlinganisha na Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 3 unakuta kati ya Yoramu na Uzia ameruka wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Baada ya Yosia ameruka Yehoyakimu. Na kundi lake la mwisho, ukihesabu toka Shealtieli mpaka Yesu mwenyewe, unapata 13. Hesabu kwa vidole, mimi nimeshahesabu.

Hivyo yule kijana hakutumwa na shetani. Alisoma tu.

Sasa kuna makambi mawili, na yote yananikera.

Kambi la kwanza ni la wanaoshangilia. Mnawajua. Tangu mihadhara ya kulinganisha dini iliposhika kasi nchini miaka ya 1980, na vijitabu vya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini vikasambaa, nasaba ya Yesu imekuwa silaha ya viwanjani. Mtu anasimama na kipaza sauti: babu wawili kwa mtu mmoja, kitabu kimechezewa, takbiir! Wapo wanaodai hata kwamba kati ya Daudi na Yesu jina linalofanana ni la Yusufu peke yake. Si kweli, Shealtieli na Zerubabeli wapo kote kuwili. Na ningewaomba ndugu zangu Waislamu tupimane kwa kipimo kimoja. Nasaba ya Mtume Muhammad wanazuoni wao wanakubaliana mpaka kwa Adnan. Kupanda juu ya hapo, mpaka kwa Ismaili na Adamu, orodha zinahitilafiana, na wanazuoni wenyewe wamekiri hivyo tangu zamani. Hakuna Muislamu aliyepoteza imani kwa sababu hiyo, wala hakuna sababu apoteze. Kumbe inawezekana kuishi na orodha mbili, si ndiyo?

Lakini hao leo siwalaumu sana. Ninaowalaumu ni wa kambi la pili, yaani sisi wenyewe, wenye gundi.

Gundi ya kwanza inasema: "Mathayo ni ukoo wa Yusufu, Luka ni ukoo wa Mariamu, basi, swali limekwisha." Hili utalisikia kwenye kila ushirika wa wanafunzi, linatolewa kwa sauti ya mtu aliyefuta deni. Ila msome Luka mwenyewe. Mariamu hatajwi katika orodha ile hata mara moja. Anayetajwa ni Yusufu. Aliyelipa umaarufu jibu hili ni Annius wa Viterbo, padri wa Italia, katika kitabu alichochapisha mwaka 1498. Na huyo Annius ndiye yule ambaye wanahistoria wanamjua kwa kughushi maandiko ya kale. Sisemi jibu ni uongo kwa sababu yake. Nasema ni dhana. Kwa nini tunaiuza kama amri ya kumi na moja?

Gundi ya pili ni ya zamani zaidi na ina akili zaidi. Julius Africanus, Mkristo wa karne ya 3, aliandika barua ambayo Eusebius ameihifadhi katika Historia ya Kanisa. Anasema hivi: Matani wa ukoo wa Sulemani alimwoa Estha, akamzaa Yakobo, akafa. Melki wa ukoo wa Nathani akamwoa yule mjane, akamzaa Eli. Yakobo na Eli wakawa ndugu wa mama mmoja. Eli akaoa, akafa bila mtoto. Yakobo akamchukua mjane wa ndugu yake kama Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inavyoagiza, akamzaa Yusufu. Kwa damu Yusufu ni wa Yakobo, kwa sheria ni wa Eli.

Safi kabisa. Lakini nayo ina tundu: katika Luka tuliyo nayo, kati ya Eli na Melki kuna Mathati na Lawi, ambao Africanus hakuwahesabu. Inawezekana nakala yake ilikuwa tofauti. Basi na hii ni dhana, nzuri ila dhana.

Gundi ya tatu ndiyo inayonitisha. Kuna nakala ya kale ya Injili inaitwa Codex Bezae, ya karne ya 5 hivi, iko Cambridge. Ndani yake, kwenye Luka sura ya 3, majina ya toka Yusufu mpaka Daudi yameondolewa, yakawekwa ya Mathayo kwa kuyageuza, na wale wafalme walioachwa wakaongezwa. Unaona? Kuna mtu aliona tofauti, ikamuuma, akaamua kumrekebisha Luka! Alidhani anaitetea Biblia, kumbe anaichezea. Kila nikisikia mtu anasema "hakuna tofauti yoyote" namwona huyo mwandishi na kalamu yake. Ndiyo maana nasema kulinganisha kwa nguvu si heshima kwa Neno. Ni kumnyima Luka haki ya kusema alichosema.

Sasa mtaniuliza, wewe unasema nini?

Nasema tumesahau orodha ya ukoo ni kitu gani, na ajabu ni kwamba sisi wa huku ndio tulipaswa kujua kuliko Wazungu waliotuandikia vijitabu. Wao wanaisoma kama cheti cha kuzaliwa. Sisi tunaishi nazo.

Chukua rejista ya darasa lolote hapa mjini. Utakuta mtoto ubini wake ni wa mjomba, kwa sababu mjomba ndiye aliyempeleka kuandikishwa. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba mzazi. Nyumbani anaitwa kwa jina la babu aliyemlea. Baba watatu kwenye karatasi, mtoto mmoja, na hakuna aliyedanganya. Waliowahi kujaza fomu za mkopo wakaambiwa majina hayalingani wakaape kwa wakili wananielewa. Karatasi inauliza nani alikuzaa, familia inajibu wewe ni wa nani. Ni maswali mawili tofauti hayo.

Nenda Rorya. Kwa desturi ya Wajaluo, mume akifa na ndugu yake akamrithi mjane, watoto watakaozaliwa huhesabiwa ni wa marehemu. Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama, hata kama kila mtu kijijini anamjua aliyewazaa. Sitetei kurithi wajane, tuelewane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kuamua, na ni haki yake. Ninachosema ni kwamba habari ya Africanus, ambayo msomaji wa London anaiona kama sinema, mzee wa Rorya anaielewa kabla hujaimaliza.

Na kuruka majina? Muulize babu yeyote nasaba yake. Atakutajia baba, babu, labda babu wa babu, halafu anaruka moja kwa moja mpaka kwa mwanzilishi wa ukoo. Huwezi kumwita mwongo. Amekutajia wanaobeba maana.

Hata kwenye somo langu la Historia iko hivyo. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili, maandishi ya Kiarabu na yale aliyoyatumia Mreno João de Barros katika kitabu kilichotoka mwaka 1552. Orodha za masultani hazilingani. Hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi akae chini kwa kuliona hilo. Tunamwambia vizuri, sasa jiulize kila orodha ilitaka kuthibitisha nini.

Basi tufanye hivyohivyo na Injili. Mathayo anataka umwone Yesu mfalme, mwana wa Daudi, mwana wa Abrahamu. Ndiyo maana anapita kwa wafalme. Ndiyo maana ya kumi na nne pia: kwa Kiebrania herufi ni namba, na herufi za jina Daudi zikijumlishwa (4, 6, 4) zinaleta 14. Na katikati ya wanaume wote hao anawachomeka Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao ukoo wa kujisifu ungewaficha. Luka anaweka orodha yake mara tu baada ya ubatizo, sauti ikiwa imetoka mbinguni, na anaipandisha mpaka Adamu ili kila mtu, hata wewe wa Bagara, ujikute ndani. Tena Luka mwenyewe anatahadharisha kwamba Yesu alidhaniwa tu kuwa mwana wa Yusufu. Hao watu hawakuwa wakijaza fomu.

Wala si jambo la Agano Jipya peke yake. Ezra na Hagai wanasema Zerubabeli ni mwana wa Shealtieli. Mambo ya Nyakati wa Kwanza 3:19 inasema ni mwana wa Pedaya. Waliokusanya vitabu hivyo walijua kusoma. Waliyaona, wakayaacha yote mawili. Walikuwa na ujasiri kuliko sisi.

Najua hoja itakayokuja: "Ukikubali hapa, utakubali na pale, mwisho imani yote itaporomoka." Nimeisikia mara nyingi na naiona ni ya uoga. Inawezekana Africanus yuko sahihi. Inawezekana jibu la Mariamu ni sahihi. Na inawezekana kabisa kwamba mmoja wa waandishi alipokea orodha yenye kasoro. Nimesema, na Jumapili nakwenda kanisani kama kawaida. Imani yangu imesimama juu ya Yesu, haijasimama juu ya baba yake Neri.

Ninayemjua aliyeacha kanisa hakuondolewa na swali. Aliondolewa na jibu. Ni rafiki yangu wa mwaka wa kwanza, aliambiwa hakuna tofauti, akaenda kusoma mwenyewe, akaikuta. Akasema kama wamenificha hili, wamenificha na mengine. Mtamlaumu?

Kwa hiyo walimu wenzangu, na viongozi wa ushirika chuoni, ombi langu ni jepesi. Mtoto akiuliza, mpe sura zote mbili azisome kwa sauti. Mwandikie majina ubaoni. Mwambie majibu yaliyowahi kutolewa, na tundu la kila moja. Mwambie kila mwandishi alilenga nini. Ukifika pasipo na jibu, sema hapa hakuna jibu la uhakika. Sentensi hiyo haijawahi kumuua mwalimu.

Mwenye hoja aje na sura na aya. Mwenye matusi apumzike. Nawakilisha.