Umetoka Kanisa, Sawa. Ukifiwa Nani Atakuja?

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini. Wachache, ata asilimia 2 hawafiki. Lakini Juni 2024 Gen Z waliposhuka tao, makanisa pia yaliambiwa yaache kupea wanasiasa maiki. Novemba, Askofu Mkuu Anyolo akakataa ganji ya Ruto kule Soweto. Safi kabisa.

Shida, msee wangu, ukihama unaacha pia jumuiya. Wale wamathe wa leso wanaokuja na sufuria mkifiwa, wanaimba usiku mzima, wanachanga bila kuitishwa. Sisi tuna grupu ya WhatsApp na paybill, na mazishi yakiisha kila mtu anatoka.

Mimi niliacha kanisa kitambo. Buda alipoaga, wa kwanza kubisha ni jumuiya ya mathe. Mabeshte walituma emoji.