Ulanga, Joto, na Orodha ya Vihami

Miaka michache iliyopita dobi mmoja wa mtaani kwetu alipigwa na umeme alipokuwa akinyoosha shuka. Alinusurika, lakini kiganja chake cha kulia kiliungua vibaya, na kwa muda wa miezi miwili hakuweza kufanya kazi. Pasi yenyewe ilikuwa ya zamani, ile nzito ya chuma, na majuma mawili kabla ya ajali ilikuwa imepelekwa kwa fundi kwa sababu haikuwa ikipata moto. Nilimwomba fundi aifungue mbele yangu. Katika pasi za aina hiyo, utepe wa nikromu unaotoa joto huzungushwa juu ya ukurasa mwembamba wa ulanga, kisha hufunikwa kwa kurasa nyingine mbili, mmoja juu na mmoja chini, ili umeme usifikie chuma. Ukurasa wa chini ulikuwa umevunjika, na fundi alikuwa ameuondoa, akaweka mahali pake kadibodi aliyoikata kutoka jalada la daftari. Tulipoifungua, kadibodi ile ilikuwa imegeuka makaa meusi. (Waya wa ardhi nao ulikuwa umekatwa siku nyingi, hilo ni kosa jingine, na linastahili makala yake.)

Fundi hakuwa mtu mzembe. Alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema: "Lakini Mwalimu, karatasi haipitishi umeme. Ndivyo tulivyofundishwa." Nikamwuliza alisoma hadi wapi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na somo la fizikia alifaulu.

Jibu hilo limenisumbua kuliko ile kadibodi. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanitajie vihami vya umeme, nao hujibu kwa sauti moja: mpira, plastiki, ubao mkavu, karatasi, kioo. Orodha hiyo wameikariri tangu shule ya msingi, na kwenye mtihani huwapatia alama. Sijapata kumwona mwanafunzi hata mmoja akiuliza: katika joto gani? Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo, kama tunavyoifundisha, ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyomuunguza dobi. Ulanga ni mfano mzuri wa kutuonyesha nusu hiyo.

Ulanga, ambao mafundi wengi huuita maika, ni madini yanayochimbwa ardhini. (Msomaji asiuchanganye na Wilaya ya Ulanga iliyoko mkoani Morogoro, sidai kwamba jina moja limetokana na jingine.) Hupatikana ukiwa umefungamana kama kitabu, na ukiingiza ncha ya kisu pembeni hufunguka ukurasa kwa ukurasa, mpaka ukapata utando mwembamba kuliko unywele, unaopenya mwanga na unaopindika bila kuvunjika. Sababu ya tabia hii imo katika mpangilio wa atomu zake. Silikoni, aluminiamu na oksijeni zimeshikamana kwa nguvu katika tabaka bapa, na kati ya tabaka moja na jingine zimekaa ioni za potasiamu ambazo mshiko wake ni dhaifu. Kwa hiyo ni rahisi kutenganisha tabaka, lakini ni vigumu sana kuivunja tabaka yenyewe. Elektroni zote zimefungwa katika miungano hiyo. Hakuna iliyo huru kuubeba mkondo. Aina zinazotumika zaidi viwandani ni mbili: muskoviti, ambayo jina lake linatokana na Muscovy, yaani Urusi ya kale, ambako kurasa zake kubwa zilitiwa madirishani badala ya kioo, na flogopiti, ambayo ina magnesiamu na huvumilia joto kali zaidi.

Sasa tuirudie pasi ya dobi. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, na katika kilele cha kila wimbi lake hufikia takriban volti 325. Ukurasa safi wa muskoviti, ukiwa mwembamba, huhimili zaidi ya volti 100,000 kwa kila milimita moja ya unene kabla ya kutobolewa. Msomaji ataona mara moja kwamba hiki ni kinga kubwa mno kwa kazi ndogo mno. Hata kadibodi kavu ya nusu milimita huweza kuzizuia volti 325 bila taabu. Kama shida ingekuwa volti peke yake, fundi wetu angekuwa sahihi, na mimi ningekuwa nampotezea wakati.

Shida ilikuwa joto. Pasi inayonyoosha pamba huwa na uso wa nyuzi 200 hivi za sentigredi, na utepe ulio ndani huwa na joto zaidi ya hapo. Katika joto hilo karatasi huanza kukauka, kisha kuwa rangi ya kahawia, na mwisho hubaki kaboni. Kaboni hiyo, hasa ikishapitiwa na cheche, huwa njia ya umeme. Maana yake ni kwamba kihami kile, baada ya siku kumi na nne za kazi, kilikuwa kimegeuka kuwa kinyume chake bila mtu yeyote kukigusa. Jambo la namna hii halihusu karatasi tu. Kioo, ambacho kila mwanafunzi hukiweka katika orodha ya vihami, kikiyeyushwa hupitisha umeme vizuri kiasi kwamba viko viwanda vinavyokiyeyusha kwa kupitisha mkondo ndani yake chenyewe.

Kwa hiyo wahandisi hawaulizi tu kama kitu kinahami umeme. Huuliza kinahami hadi joto gani na kwa muda gani. Vihami vya mota vimegawanywa katika madaraja: daraja B kwa nyuzi 130, F kwa 155, H kwa 180. Iko pia kanuni ya makadirio wanayoitumia, kwamba kila joto la mota likizidi mpaka wake kwa nyuzi 10, umri wa kihami hupungua kwa nusu. Mafundi wetu wanaosuka mota upya kwa karatasi yoyote waliyoikuta dukani wangefaidika sana na kanuni hii kuliko na orodha ya vitu vitano.

Ulanga una mahali pake pa heshima katika viwanda hivyo. Katika mota kubwa za mkondo mnyoofu, vipande vya shaba vya komyuteta hutenganishwa kwa vibamba vya ulanga. Na kwa kuwa ulanga haulikwi na brashi haraka kama shaba, fundi mzuri huukwangua kidogo uwe chini ya usawa wa shaba, ama sivyo brashi zitaruka na kutoa cheche. Katika jenereta kubwa, za aina ya zile za Kidatu, kila kipande cha shaba cha ile sehemu isiyozunguka hufungwa utepe wa ulanga uliogandishwa kwa gundi. Hapo sababu si joto peke yake. Katika volti elfu nyingi, kila kipovu kidogo cha hewa kilichonaswa ndani ya kihami hutoa vicheche visivyoonekana, na vicheche hivyo huitafuna plastiki mwaka hadi mwaka. Ulanga hauliwi upesi. Plastiki nyingi zimevumbuliwa tangu Vita Kuu ya Pili, lakini katika kazi hii hakuna iliyoweza kuuondoa kabisa.

Si kweli, hata hivyo, kwamba ulanga hauna mpaka. Muskoviti ikipita nyuzi 600 hivi huanza kupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, hubadilika kuwa nyeupe, huvimba na kusagika. Tena kurasa kubwa zisizo na doa ni adimu. Mabamba mengi yanayouzwa leo yametengenezwa kwa vipande vidogo vilivyosagwa na kulazwa kama karatasi, kisha kugandishwa kwa gundi ya silikoni, na watengenezaji huyawekea mpaka wa nyuzi 500 kwa muskoviti na 700 kwa flogopiti. Pasi nyingi za kisasa hazina ulanga tena; waya wake umezikwa katika unga wa magnesia ndani ya bomba. Lakini fungua kibaniko cha mkate au mashine ya kukaushia nywele, utaukuta: waya unang'aa wekundu, na ulanga ulioubeba umebaki vile vile.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza, mlezi wangu alinipa pakiti ya ulanga kwa ajili ya majaribio, akaniuliza kama kwetu upo. Nilijibu kwamba sijui. Niliona haya baadaye niliposoma kwamba katika milima ya Uluguru ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ulanga ulikuwa ukitafutwa kila pembe ya dunia kwa ajili ya redio na ndege za vita. Wako wenzangu wanaodai kwamba, kwa kuwa tunao, basi tujenge kiwanda cha mabamba. Mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi: chumba cha kupimia. Bei ya ulanga hutegemea ukubwa wa ukurasa, uangavu wake, na madoa ya chuma yaliyomo, ambayo hupunguza uwezo wake wa kuhimili volti. Na asiyeweza kupima bidhaa yake huuza kwa bei ya mnunuzi. Tena uchambuzi wa ulanga hufanywa kwa mikono, na mikono hiyo mara nyingi imekuwa ya watoto. Hayo yameandikwa kuhusu Jharkhand nchini India, na mwaka 2019 kuhusu Madagaska. Kiwanda kitakachojengwa juu ya mikono ya namna hiyo sitakiunga mkono, hata kikiwa chetu.

Kwa walimu, ombi langu halihitaji fedha. Kusanyeni pasi na vibaniko vilivyoungua, mvifungue vikiwa vimechomolewa kabisa kutoka kwenye soketi, na mtoe ulanga uliomo. Mwanafunzi na aupasue mwenyewe kwa wembe, hesabu ya kurasa aliyoipata aiandike. Kisha ashike kwa koleo, juu ya mwali wa taa ya spiriti, kipande cha karatasi, cha pamba, na cha ulanga, kwa zamu, na aeleze kipi kati ya hivyo kitabaki kihami baada ya dakika moja. Madirisha yawe wazi, na ulanga usisagwe, kwa kuwa vumbi lake si zuri kwa mapafu. Volti za ukutani zisitumike hata kidogo. Swali la mtihani baada ya somo hilo liwe moja tu: fundi ameweka kadibodi ndani ya pasi, eleza kwa nini siku ya kwanza ilifanya kazi.