Picha Aliyoiomba Mama Mkwe

Mwezi huu acha nikumegee siri ya nyumbani kwangu.

Mama mkwe wangu alikulia Lushoto. Siku hizi miguu haimruhusu kupanda milima, kwa hiyo tulipomuaga tukienda likizo huko, aliomba kitu kimoja tu: picha ya tambarare ya Mazinde inavyoonekana jioni kutoka Irente. Nikajifanya fundi! Kamera nikaiweka kwenye auto, nikabonyeza weee mpaka betri ikaisha. Tuliporudi Dar, mama akavaa miwani, akazitazama zote, kisha akasema taratibu: "Ahsante, mwanangu. Ila mbona sioni kitu?"

Kweli. Mbingu nyeupe kama shuka, bonde jeusi tii. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe jicho letu linamudu kuona mbingu angavu na bonde lenye kivuli kwa wakati mmoja. Kamera inashindwa, lazima ipendelee upande mmoja. Hapo ndipo filta inapoingia, kama mshenga anayezipatanisha familia mbili.

Ya kwanza kununua ni polaraiza. Unaizungusha mbele ya lenzi huku ukitazama: mng'aro kwenye majani unapungua, bluu ya mbingu inakolea. Lakini jua liwe ubavuni mwako. Ukilielekea au ukilipa mgongo, utaona tofauti ndogo sana.

Ukitaka kupiga jua lenyewe likizama, tumia filta ya nusu kwa nusu, juu nyeusi, chini wazi. Ile nusu nyeusi ifunike mbingu, mpaka wake ukae pale mbingu inapokutana na ardhi.

Halafu mipangilio. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/11, na rangi chagua alama ya wingu ili wekundu wa jioni usipotee. Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa sababu mwanga ukipungua shata inabaki wazi hata sekunde nzima, na hakuna mkono usiotikisika hivyo. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitingishe. Na ufike mapema! Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama giza halichelewi.

Huna filta? Kamera ikiwa kwenye stendi, piga picha mbili bila kuisogeza, moja ya kuipata mbingu, nyingine ya kulipata bonde, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Simu nyingi zinafanya hivyo zenyewe ukiwasha HDR.

Tulirudi Irente. Mume wangu alishikilia stendi upepo usiiangushe, analalamika njaa, mimi nazungusha filta. Tukasubiri karibu saa nzima. Katikati ya kusubiri akaanza kunisimulia utoto wa mama yake, mambo ambayo miaka yote ya ndoa sikuwahi kuyasikia.

Safari hii mama hakusema kitu. Alifuata mistari ya mashamba ya mkonge kwa kidole, polepole, akasimama mahali. "Hapa," akasema. Kisha akaanza kusimulia, na chai ikapoa mezani.

Kuna mzee nyumbani kwenu ana mahali anapapenda na hawezi tena kupafikia? Muulize wikiendi hii. Tukutane mwezi ujao!