Maneno yana ukoo, tuache kukariri kama kasuku



Leo sina habari za bumu wala za sup. Kuna ubishi umezuka chumbani kwetu hapa Msalato, sasa ni wiki ya tatu, na nimeona niumwage hapa muuamue wenyewe. Ubishi ni juu ya Kirusi. Ndiyo, Kirusi!

Mimi na mwenzangu wa dabodeka (yeye juu, mimi chini) tunajiandaa kuomba nafasi za masomo Urusi tukimaliza hapa. Kwa kawaida ukifika kule bila lugha unaanza na mwaka mzima wa maandalizi, kazi yako kubwa ni Kirusi tu, ndipo unaingia darasani na wenyewe. Njia hiyo wameipita Watanzania wengi kabla yetu, hasa kwenye kile chuo cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. (Jina liliondolewa 1992, likarudishwa 2023.) Sisi tukasema tusiende mikono mitupu, tuanze kupiga msuli mapema.

Sasa mwenzangu ana daftari. Kila usiku maneno 30, kushoto Kirusi, kulia Kiswahili. Anafunika upande mmoja kwa kiganja, anakariri mpaka usingizi umchukue. Asubuhi ukimuuliza, nusu yameshayeyuka. Mimi namwambia anatwanga maji kwenye kinu.

Hoja yangu ni hii: sisi tunaoongea Kiswahili hatuna sababu ya kujifunza neno moja moja kama yatima. Lugha yetu yenyewe inaishi kwa ukoo. Chukua FUNDA, kama mwali anavyofundwa. Hapo hapo unapata fundisha, funza, jifunza, mafunzo, mwanafunzi, hata fundi. Nani aliwahi kukukaririsha hayo? Hakuna. Ulijua mzizi, mengine yakaja yenyewe. Ile kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilipangwa hivyo hivyo, unakuta kitenzi na chini yake watoto na wajukuu.

Kirusi nacho kina mambo hayo hayo jamani. Uchit ni kufundisha. Uchitel ni mwalimu. Uchenik ni mwanafunzi wa shule. Uchebnik ni kitabu cha kiada. Ukisema uchitsya, ni kujifunza. Umeona ile "sya" mwishoni? Ndiyo "ji" yetu! Sisi tunaiweka mbele ya mzizi, wao wanaibandika nyuma. Myt ni kuosha, mytsya ni kuoga, yaani kujiosha. Siku nilipogundua hilo nilikuwa kimbwetani peke yangu, nikacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Halafu kuna khod, yaani mwendo. Vkhod ni mlango wa kuingilia, vykhod wa kutokea, perekhod ni pale pa kuvukia barabara. Par ni mvuke, kwa hiyo parokhod ni meli ya mvuke. Sisi kwenye ENDA tunabadilisha zaidi mkia: endea, endesha, endelea, mpaka maendeleo. Wao wanabadilisha kichwa. Na ile ndege ya kutua kwenye uwanja wetu wa Msalato wanaiita samolyot, yaani kitu kinachoruka chenyewe. Neno kama hilo utalisahau vipi?

Basi nikaanza kuvimba kichwa, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Afadhali niiseme mwenyewe kabla mwenzangu hajaisambaza chuo kizima.

Kuna kaka mmoja yuko anasoma kule. Alijitolea kunipima kwa simu, na akamwomba mwalimu wake akae pembeni anirekebishe matamshi. Bahati hiyo unaipata wapi? Akaniandikia siku kwa Kirusi makusudi: pyatnitsa, saa moja jioni. Mimi mtaalamu wa mizizi sikugusa kamusi. Pyat ni tano. Tano... Jumatano! Nikanunua bando kwa hela ya mwisho ya chakula, Jumatano nikakaa kimbwetani kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Saa za Moscow na zetu ni sawa, hapo sikukosea. Nikasubiri mpaka saa tatu, nimeliwa na mbu, simu kimya. Nikarudi chumbani nimenuna, nikajisemea kumbe na yeye ni walewale.

Ijumaa jioni niko mnadani na washkaji, simu iko chaji hosteli. Kurudi nakuta amepiga mara 6.

Pyatnitsa ni Ijumaa, wadau. Warusi wanahesabu kuanzia Jumatatu, kwa hiyo siku ya tano ni Ijumaa. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, mosi, pili, tatu, mpaka Jumatano. Halafu inayofuata ni Alhamisi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni "ya tano"! Yaani Kiswahili kina siku mbili za tano kwenye wiki moja, na mimi niliyezaliwa nayo sikuwahi kujiuliza. Mwenzangu alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Nilistahili. Kilichoniuma zaidi ni yule mwalimu wa watu, alikaa akisubiri mtu asiyemjua.

Je, nimebadili msimamo? Hapana, ila nimeurekebisha. Mzizi unakufikisha mlangoni, haukwambii nani yuko ndani. Na kuna ndugu wa uongo. Jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa ni ukoo mmoja kutoka Kiarabu, mzizi wa kukusanyika. JUMLA anafanana nao kabisa, tena anahusu kukusanya, lakini kule kwao ana mzizi mwingine! Kwa hiyo kamusi lazima, na daftari la mwenzangu lina kazi yake.

Lakini kinachonikera ni hiki. Tulipokuwa shule tulipewa orodha za maneno ya Kiingereza tukariri, na ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Tukatoka pale tunaamini lugha yetu ni kikwazo cha kujifunza nyingine. Sio kweli! Mtoto wa Dodoma anayejua funda, fundisha na jifunza tayari ana ramani kichwani, anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba anayo. Kama kuna mwalimu mtarajiwa anasoma hapa, na mko wengi, siku ya kwanza ya kufundisha lugha yoyote anzeni na ukoo mmoja wa Kiswahili ubaoni. Hiyo haihitaji bajeti.

Kwa sasa mimi na mwenzangu tumefikia muafaka. Daftari lake, ukoo wangu: kila ukurasa mzizi mmoja, na pembeni safu ya "ndugu wa uongo". Pyatnitsa ndiyo ya kwanza kwenye safu hiyo, kaiandika yeye, kwa wino mwekundu.

Yule kaka naye kanisamehe. Kanipa nafasi nyingine: vtornik, yaani "ya pili", saa ileile. Nimehesabu kuanzia Jumatatu, halafu nimefungua kamusi kuhakikisha.

Tukutane kimbwetani. Ila Jumanne jioni msinitafute.