Jaketi Jepesi kwa Mgongo wa Nani?

Nina ugomvi na maandishi ya namna moja: tahakiki za majaketi. Nasema yale majaketi mepesi yenye kofia, yaliyojazwa manyoya laini ya bata, anayovaa mtu akienda kutembea siku kadhaa penye baridi na mkoba mgongoni. Nimezisoma nyingi miezi hii, za Kiingereza, na chache za Kiswahili ambazo ukifika sentensi ya pili unajua zimepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri na hakuna mja aliyezigusa tena. Na msiniambie kwamba hapa ni mahali pa fasihi, majaketi tupeleke sokoni. Tahakiki ni tahakiki. Ina msimulizi, ina msomaji iliyemkusudia, na ina mtu iliyemfuta asionekane. Huyo wa tatu ndiye aliyenitia hasira.

Kwanza nimalizane na wale watakaouliza mtu wa Mlandege anajua nini kuhusu baridi. Ni kweli, sisi kusi ikivuma alfajiri ya mwezi wa saba tunatafuta sweta na kulalamika. Lakini Mei 1848, Johannes Rebmann alipouona mlima wa Kilimanjaro una kitu cheupe kileleni, alimuuliza kiongozi wa msafara wake kile ni nini, na jibu alilopewa lilikuwa neno moja: baridi. Hapo hapo Rebmann akaelewa kuwa ile ni theluji. Habari ilipofika London, wakajitokeza wasomi, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, wakabisha kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Jibu lilikuwa limeshatolewa, tena kwa neno ambalo mtoto wa chekechea wa Darajani analijua. Anayeniambia leo kwamba baridi si mada ya Kiswahili amechelewa zaidi ya miaka 170.

Sasa kisa chenyewe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amechoka na kazi za hoteli za ufukweni. Watalii wanaoteremka Kilimanjaro huja Unguja kupumzisha miguu, ndiyo biashara yenyewe ilivyo, mlima halafu bahari, na katika kuwahudumia akapata marafiki wa Moshi. Wakamwambia Juni msimu ukianza kuna nafasi za upagazi. Akanijia: "Mjomba, wewe unayeshinda unasoma, niambie nichukue jaketi gani." Nikaenda kusoma.

Nilichokuta ni gramu. Kila tahakiki inaanza na gramu na kumalizia na gramu. Jaketi la namna hii, jepesi lenye kofia, aghalabu huwa na uzito wa gramu 300 hadi 400, na waandishi wake wanagombana kwa ajili ya gramu 30 utadhani wanagawana urithi. Sikatai kwamba hoja hiyo ina asili yake. Mtu anayetembea wiki nzima na hema lake, chakula chake, jiko lake na kitanda chake mgongoni ana haki ya kuhesabu kila gramu. Lakini hebu tuulize nani anatembea hivyo hapa kwetu. Kilimanjaro haupandwi bila kiongozi mwenye leseni, na karibu kila mgeni hupanda na wapagazi. Yeye mgeni anabeba kimkoba: maji, kamera, koti la mvua, na hilo jaketi lake la gramu 300. Hema, jiko, mayai, meza na viti vya kukunja, vyote viko kichwani na mgongoni kwa mtu mwingine, na kiwango kilichowekwa ni kilo 20 kwa kila mpagazi. Katika nchi hii anayetembea na mzigo penye baridi kali ni mpagazi. Ndiye msomaji halali wa tahakiki hizo, na hakuna hata moja kati ya nilizosoma iliyoandikwa kwa ajili yake.

Mkitaka kujua jambo hili ni la zamani kiasi gani, tazameni historia wanayopenda kuisimulia. Wakati wa safari ya Everest ya 1922, George Finch alivaa koti la manyoya laini lililoshonwa kwa kitambaa cha baluni, wenzake wakamcheka, na baridi ilipokaza kicheko kikaisha. Kisa kizuri, nami nimekipenda. Lakini safari hiyo hiyo iliua wapagazi saba kwa poromoko la theluji mwezi wa Juni. Koti la Finch lisingewaokoa, najua, theluji ikikufukia haiulizi umevaa nini. Ninachosema ni kwamba koti limepata wasifu wake na wale saba mara nyingi wamebaki hesabu tu.

Haya, turudi kwenye jaketi, maana kijana anasubiri jibu na hasira hazimvishi mtu.

Manyoya laini hayaleti joto. Yanashika hewa isisogee, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lako lisikukimbie. (Kiswahili kina neno lake kwa vinywele vyororo vya mwilini: laika, wingi wake malaika. Mtu akisisimkwa na baridi tunasema malaika yamemsimama. Sijui kwa nini hizo tafsiri za mashine zikang'ang'ania kuandika "chini" kila palipoandikwa "down". Sentensi moja iliniahidi jaketi "lililojazwa chini ya bata".) Manyoya hayo yakilowa yanagandana, hewa inatoka, na unabaki umevaa vitambaa viwili vyenye uji katikati. Poliesta ikilowa inaendelea kukupa joto kiasi fulani. Hili tahakiki zote zinalitaja, kwa mstari mmoja, kisha zinarudi kwenye gramu.

Kwa mpagazi hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Mlima wenyewe unaanza na msitu wa mvua, baridi ya kuganda iko juu zaidi. Na mpagazi analowa kwa ndani pia: anapanda na mzigo huku jasho linamtiririka, anafika kambini kabla ya wageni, halafu hapo hapo anasimamisha mahema, anateka maji, anasubiri. Wageni wanapoondoka usiku wa manane kwenda kileleni, wapagazi wengi hubaki kwenye kambi ya juu, Barafu au Kibo, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake ni ya kukaa na ya kulala, tena baada ya jasho. Jaketi lake si la kutembelea. Anavua shati lililolowa, anavaa kavu, ndipo analivaa jaketi, na juu yake koti la mvua kama kuna ukungu. Njiani jaketi linakaa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo atafute mfuko wa maana, asitegemee wa sokoni.

Halafu ile namba. Utaona 600, 700, 800, na muuzaji anaitamka kama daraja la mtihani. Namba hiyo inapima wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28, yakiachwa yajitanue yanajaza nafasi ya inchi za ujazo ngapi. Inasema manyoya ni bora kiasi gani. Haisemi yametiwa mangapi. Jaketi la 800 lililotiwa manyoya kidogo linaweza kukuachia baridi ambayo jaketi la 600 lililoshiba lingeizuia. Ni sawasawa na kukisifu kitabu kwa ubora wa karatasi bila kusema kina kurasa ngapi. Na majaketi mepesi sana ndivyo yanavyopata wepesi wake: manyoya machache yaliyo bora, ndani ya kitambaa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Kitambaa hicho kikikwaruzwa na kamba ya mzigo mara tatu, manyoya yanaanza kutoka. Kwa mgeni anayelivaa usiku mmoja akatunza picha, sawa. Kwa mtu atakayepanda mlima huo mara mbili kwa mwezi na viti vya watu begani, huo ni utani.

Kwa hiyo nikaacha kusoma nikashuka sokoni. Mlandege yapo majaketi haya, na yapo kwa sababu hakuna anayeyataka. Belo la mitumba likifunguliwa, watu wanagombea mashati na magauni, majaketi manene yanasukumwa pembeni. Wanunuzi niliowakuta ni vijana wa bodaboda wa usiku, na wanaokwenda kusoma Uturuki. Muuzaji aliponiona nayashikashika aliniuliza, "Ami, kwani unahamia wapi na joto hili?" Bei yake ilikuwa ya mabakuli machache ya urojo.

Hapa ndipo tahakiki zinapokosa la kusema kabisa, kwa sababu zinajua kusifu kitu kipya tu, na jaketi la mpagazi mara nyingi limeshazeeka kabla hajalipata. Inabidi ulisome mwenyewe. Lebo inaweza kuwa ya Kijerumani, basi tafuta neno Daunen. Ya Kifaransa, duvet. Ya Kihispania, plumón. Ukikuta poliesta kwa asilimia mia kwenye ujazo, si manyoya, hata muuzaji akiapa. Lifumbe kwenye ngumi kisha uliachie: likiinuka upesi, manyoya yako hai, likibaki limejikunja, yamekwisha. Liinue juani uangalie penye mwanga unaopita, maana hapo manyoya yamehama. Linuse. Unyevu wa kisiwa hiki unaingiza harufu ya ukungu ndani ya wiki chache. Angalia mishono: jaketi lililoshonwa moja kwa moja kutoka nje hadi ndani lina baridi kwenye kila mstari wa uzi, lenye vyumba vilivyotenganishwa na kitambaa ni bora ingawa ni zito zaidi. Zipu uipandishe na kuishusha mara kumi, bila haya.

Kofia nayo. Tahakiki zinapenda kofia inayobana, ati inaokoa uzito. Dada yangu alinifuata sokoni siku ya pili akawa anayajaribu juu ya mtandio wake, kwa mzaha kwanza, kisha kwa udadisi. Karibu yote kofia hazikupita. Zilizopita ni zile zilizoshonwa zitoshe juu ya helmeti ya wapanda miamba. Hilo hutalisoma popote, na wanawake wa kwetu wanaotaka kupanda mlima wapo. Kwa kijana tulitaka hiyo hiyo pana, yenye lastiki ya kukaza, ipite juu ya mzula.

Tulilomchukulia mwisho ni jaketi la kijani la manyoya, kitambaa kigumu kidogo, refu mpaka chini ya kiuno. Nimelipima kwenye mizani ya jirani muuza karafuu: gramu 720. Kwa viwango vya tahakiki hilo si jaketi jepesi hata kwa kusingizia. Kwa mtu mwenye kilo 20 kichwani, gramu 350 za ziada ni chupa ndogo ya maji, na usiku wa Barafu atazilipa kwa furaha. Wapo wenzangu wanaoona mtumba ni aibu ya taifa, na mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa sokoni. Marekani ikatishia misamaha ya ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo. Mjadala huo nauheshimu. Lakini mwenye kuuendesha awe ameshamtafutia mpagazi jaketi jingine kabla hajamvua hili.

Moshi kuna Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambao huazima wapagazi nguo za baridi bila malipo, na mpwa wangu nimemwelekeza huko kwa suruali na glavu, ambavyo Mlandege hatukuvipata. Nguo wanazoazima zinatokana na watu kutoa. Najua wasomaji wengi wa kurasa hizi wamesoma au wameishi Ulaya, Uturuki, Kanada, na kwamba jaketi la msimu ule liko kabatini kwa mama, limefungwa ndani ya mfuko, linaota ukungu. Litoeni. Ila kabla ya kulipeleka lifueni kwa sabuni kidogo, mlianike kivulini penye upepo siku mbili tatu, na kila likikauka upande mmoja mlipigepige kwa viganja mpaka manyoya yaachane.