TAHARIRI: Kambi ikifungwa, ujuzi usifungwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Waislamu wa Kibondo na Kasulu wanajua kuwa kwa miaka mingi mashirika yanayohudumia wakimbizi yamekuwa tegemeo la vijana wanaotafuta ajira ya mshahara. Wanajua pia kuwa ajira hiyo haina mizizi. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Juni mwaka huo UNHCR ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Misukosuko ya namna hii haimwachi kijana anayehudumia kompyuta na mitandao ya ofisi. Jana alikuwa fundi anayetegemewa. Leo yupo barazani, anasubiri shirika jingine lije.

Msimamo wetu ni kuwa asisubiri, bali ajifunze kuandika programu za kompyuta. Aliyezoea kutafuta kosa la mtandao hatua kwa hatua ameshapata subira ambayo kazi hii inaihitaji. Fundi wa ofisi hutunza mashine za mwenye ofisi. Ofisi ikihama, kazi nayo huhama. Mwandishi wa programu hutengeneza kitu kinachoweza kutumiwa Kakonko, Dar es Salaam au Muscat, naye yupo Kibondo. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, hutumiwa bila malipo. Wala elimu hii si ngeni kwa umma wetu: neno algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua jambo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Hata hivyo, vijana wasidanganywe. Kozi ya wiki sita haimfanyi mtu mtaalamu. Novemba 2022 kampuni ya Meta iliachisha kazi watu zaidi ya 11,000, na mwezi huohuo Twitter iliwaondoa karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Accra. Programu za akili mnemba nazo zinafanya baadhi ya kazi ambazo zamani alipewa mwanafunzi. Basi anayejifunza aanze na haja zilizo mlangoni pake: daftari la madrasa, kumbukumbu za zaka, hesabu za mnunuzi wa maharage. Haja hizo anazielewa kuliko mtu wa mbali.

Lipo pia suala la halali. Kampuni za kamari nazo hutafuta waandishi wa programu, na njaa ina ushawishi mkubwa. Atakuwapo wa kusema: "Mimi naandika tu, sichezi." Huyo akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alipolaani pombe hakuishia kwa mnywaji, aliwataja pia anayeikamua na anayeibeba. Na alipousifu mlo utokanao na kazi ya mikono, akamtolea mfano Nabii Daud (A.S.), hakukusudia mikono inayomfungulia jirani mlango wa maangamizi.

Lakini anayemkataza ndugu yake mlango wa haramu, na amsaidie kuufungua wa halali. Kijana mwenye mke na watoto hawezi kusoma mwaka mzima kwa mawaidha peke yake. Tunapendekeza mambo matatu. Kila msikiti wenye umeme utenge chumba cha kusomea baada ya Alasiri. Wenye uwezo watoe kompyuta zisizotumika na kugharimia vifurushi vya intaneti. Na kamati za misikiti na madrasa ziwe wateja wa kwanza wa vijana hao, ziwalipe ujira wao kabla jasho halijakauka, wala zisiwaage kwa kuwaambia kuwa Allah atawalipa.

Kambi hufunguliwa na kufungwa kwa amri za walio mbali. Kumshika mkono aliyepoteza kazi ni jambo lililo ndani ya uwezo wa jamaa wa msikiti mmoja, kuanzia Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.